Kompyuta ya gemu kwa chini ya milioni: Dell OptiPlex 7060 ya mtumba na kadi ya GTX 1650

Nianze na hukumu, maelezo yatafuata. Kama bajeti yako haifiki milioni moja, na unachotaka ni kucheza mpira, GTA V na gemu za kupiga risasi kwa ubora wa wastani kwenye skrini ya kawaida ya 1080p, achana na maboksi yenye mataa. Tafuta kompyuta iliyotoka ofisini, ile ya umbo kubwa la kusimama, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane. Pesa inayobaki iweke kwenye kadi ya grafiki isiyohitaji waya wake wa umeme. Mimi nimechukua Dell OptiPlex 7060 na GTX 1650, naitumia tangu kabla ya masika, na kwa bei niliyotoa sijaona cha kuizidi hapa Dar.

Niseme mapema mimi ni mchezaji wa aina gani, usije ukanunua kwa maneno yangu kumbe mahitaji yetu hayafanani. Nauza dawa Mbagala. Duka nafunga saa mbili usiku, nikishakula nakaa kwenye mashine saa mbili au tatu, wikiendi zaidi kidogo. Nacheza FC 24, ile gemu ya mpira, na mdogo wangu tukiwa na pedi mbili, GTA V peke yangu, Valorant ya kupiga risasi nikiwa na hasira. Sirekodi video, sishiriki mashindano, na sijali kama kivuli cha mti kwenye gemu kina majani mangapi. Ninachotaka ni gemu isikatekate na mashine isizime katikati ya penati.

Sasa Kariakoo. Karibu kila duka lenye kompyuta lina moja imewekwa mbele kabisa: ubavu wa kioo, feni tatu zinazobadilisha rangi, na kikaratasi kimeandikwa "GAMING PC". Niliingia kwenye duka moja, muuzaji akanitazama akaniuliza, "Karibu dada, mtoto yuko darasa la ngapi?"

"Hakuna mtoto. Nacheza mwenyewe."

"Aah! Kumbe dada ni gema!" Bei haikushuka, ila kiti nilipewa.

Hiyo ya mataa alisema laki nane na nusu. Nikamuuliza ndani kuna nini, akajibu, "Hii ni i5 dada, kadi GB 4, inapiga gemu zote." Nikaomba iwashwe, nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc, nikaenda kwenye ukurasa wa utendaji. Prosesa ilikuwa i5-3470. Hiyo ni ya mwaka 2012. Kadi ilikuwa GT 730. Hapo ndipo wengi wanapopigwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

GT 730 ni kadi ya mwaka 2014, na hata mwaka huo ilikuwa ya kukuwezesha kuunganisha skrini ya ziada na kuangalia muvi. Ina matoleo kadhaa: lililo bora lina viini (vitengo vya kukokotoa picha) 384, la chini kabisa lina 96. GTX 1650 ina 896, tena vya kizazi kipya zaidi. Hizo GB 4 anazokutajia muuzaji ni memori ya DDR3 iliyo polepole, imejazwa kwenye kadi isiyoweza hata kuitumia. Ni sawa na kulifungia bomba la nusu inchi tangi la lita elfu tano. Juu ya hapo, watengenezaji wake, NVIDIA, walishaacha kutoa madereva mapya ya gemu (programu zinazoendesha kadi) kwa kadi za ukoo huo tangu mwaka 2021, kwa hiyo gemu mpya ikigoma kuwaka hakuna wa kumlilia. Ukiondoa boksi na mataa, vilivyomo ndani ya ile mashine havifiki laki mbili na nusu.

Na ukiwa bado nje, kabla hata hujafika dukani, kuna mawinga. Kijana atakudaka njiani, "dada kompyuta? twende kwa jamaa yangu," atakuingiza ngazi hizi na kukutoa zile, na cha juu chake kitakuwa kimeshaingia kwenye bei utakayotajiwa. Siwachukii, ni kazi kama kazi nyingine. Ila kwa mashine ya mtumba utaokoa elfu hamsini ukienda mwenyewe kwenye maduka ya ghorofani yanayoshusha mzigo. Utayatambua: kompyuta za aina moja zimepangwa mpaka dari, maana zimetoka ofisi moja huko Ulaya kwa mkupuo. Yangu imekuja na stika ya namba ya mali iliyoandikwa Kijerumani. Sijaibandua.

Nililipa hivi. Boksi la OptiPlex 7060 lenye i5-8500, RAM (memori ya kazi) GB 8 na SSD (diski ya kasi) ya GB 256, shilingi 480,000. GTX 1650 iliyotumika, 280,000. RAM nyingine ya GB 8, 50,000. Skrini ya inchi 22 ya mtumba, 130,000. Kibodi na mausi, 25,000. Jumla 965,000. Bei za Kariakoo hupanda na kushuka na mzigo, kwa hiyo zichukue kama picha tu, usiende kumgombeza mtu kwa kuwa mimi niliandika hivi.

Kwa nini 7060 na si zile OptiPlex 7010 au 9020 za zamani zinazouzwa karibu nusu ya bei? Kwa sababu ya kizazi cha prosesa. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi cha nane, pamoja na chombo cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Mashine ya kizazi cha nne au cha sita unaweza kuilazimisha Windows 11 kwa ujanja wa mafundi, nayo itawaka. Lakini baadhi ya gemu zenyewe sasa zinakagua. Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inawaka), usipokuwa navyo haifunguki. Halafu kuna nguvu yenyewe: i5 za kizazi cha sita na cha saba zina viini vinne tu, wakati i5-8500 ina sita na inafika 4.1 GHz. Kwenye FC tofauti si kubwa. Kwenye GTA V ukipita mjini kwa kasi na magari mengi, utaiona.

Jambo la pili ni umbo, na hili wauzaji hawalisemi mpaka uulize. OptiPlex 7060 ileile ipo kwa maumbo matatu: kubwa ya kusimama, nyembamba ya kulala, na kadogo kabisa kanakotosha kwenye kiganja. Kadogo kale ukikanunua kwa gemu umepotea, hakana pa kuchomeka kadi. Ile nyembamba inaingia kadi, ila lazima iwe ya kimo kifupi, na kadi fupi za GTX 1650 ni adimu hapa mjini. Nilipozipata ziliuzwa elfu sitini zaidi ya zile za kawaida. Tena ndani ni finyu, na kwa joto letu la Februari kadi itapumua shida. Hii kubwa inameza kadi ya kimo cha kawaida bila kukata bati. Urefu bado upime. Nenda na futi ya fundi cherehani, pima kutoka mlangoni mwa kadi mpaka kwenye kizuizi cha mbele. Kadi ya feni moja inakaa vizuri. Za feni mbili ndefu sikujaribu hata kuziangalia.

Sasa kadi. Tundu la kadi kwenye ubao mkuu wa mashine linatoa umeme usiozidi wati 75, na GTX 1650 ya kawaida imetengenezwa kuishi humohumo. Hilo ndilo linaloifaa kwa mashine za ofisi, kwa sababu PSU (kisanduku cha kugawa umeme) ya OptiPlex hii ni ya wati 260 na haina nyaya za ziada za kulisha kadi. Huwezi pia kununua PSU yoyote ya dukani ukabadilisha, plagi zake za kwenye ubao si zile za kawaida. Kwa hiyo ukiambiwa "chukua RX 580, ina nguvu zaidi," ni kweli ina nguvu zaidi, na ni kweli pia haitawaka humu. Kuwa mwangalifu hata ndani ya GTX 1650 zenyewe: kuna matoleo yaliyoongezwa kasi kiwandani ambayo yana tundu la waya wa pini sita mgongoni. Ukiona hilo tundu, rudisha, tafuta lisilo nalo.

Kama mfuko umebana, GTX 1050 Ti ya GB 4 nayo inaishi kwenye wati 75, na FC 24 inaitaja kama kiwango cha chini kabisa. Chini ya hapo kuna GT 1030. Hiyo ina mtego wake: zipo zenye memori ya GDDR5 na zipo zenye DDR4, jina lile lile, na ya DDR4 ni dhaifu vibaya mno. Muuzaji mwingine hajui hata kama kuna tofauti, hivyo usimwite mwizi, soma boksi. RX 6400 ya AMD niliikuta sehemu moja ikiwa mpya kabisa. Inatumia wati 53 tu, inavutia. Lakini imejengwa kwa njia nne tu za PCIe 4.0 (PCIe ndiyo njia ya data kati ya kadi na ubao), na mashine hizi za ofisi zina PCIe 3.0, kwa hiyo inapoteza sehemu ya nguvu yake kabla haijaanza kazi. Niliiacha.

Halafu kuna bandia. GTX 1050 Ti zinaongoza: mtu anachukua kadi ya zamani ya miaka ya 2010, anaibadilisha programu yake ya ndani ili ijitaje jina jipya. Windows itakuonyesha "GTX 1050 Ti" bila aibu. Dawa yake ni programu ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z. Iweke kwenye flashi, nenda nayo dukani, ifungue pale pale. Kadi bandia zinazojulikana inaziandikia wazi kuwa ni feki mbele ya jina, na hata isipoandika, unaweza kuhesabu viini mwenyewe: 768 kwa 1050 Ti, 896 kwa 1650. Muuzaji anayekataa flashi yako isichomekwe ameshakujibu.

Nikiwa pale pale dukani nilifanya na haya. Nilibonyeza F2 wakati mashine inawaka ili kuingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), kuhakikisha hakuna nywila iliyoachwa na ofisi ya zamani; ikiwa imefungwa, hutaweza kubadilisha chochote humo, na kuifungua ni kazi ya fundi na pesa yake. Nikabonyeza F12 nikachagua ukaguzi wa Dell wenyewe, unapima RAM, diski na feni. Nikaangalia ile stika yenye herufi na namba saba, nikaiandika kwenye tovuti ya Dell kwa simu, ikanionyesha mashine ilitoka kiwandani lini na ikiwa na nini. Yangu ilitoka na diski ya kawaida ya kuzunguka (hard disk), kwa hiyo SSD imewekwa baadaye. Hapo nikajua ni ya kuangaliwa zaidi. Ilikuwa nzima.

Kuhusu RAM, GB 8 moja haitoshi, na hata ikitosha, zikiwa mbili za GB 8 prosesa inazisoma kwa pamoja na kasi inaongezeka. Ni elfu hamsini iliyoleta mabadiliko makubwa kuliko nilivyotegemea: GTA V iliacha ile tabia ya kuganda nusu sekunde kila ninapoingia mtaa mpya. Ubao una nafasi nne, na ni DDR4. Fundi asikuuzie DDR3 kwa bei ya kutupa, haiingii.

Siku ya kufunga kadi usishangae skrini ikiwa nyeusi. Nyuma ya mashine kuna matundu mawili ya DisplayPort ya ubao wenyewe, na chini yake ndiyo kuna matundu ya kadi. Ukishaweka kadi, waya wa skrini unahamia kwenye kadi. Nimemwona jirani yangu akicheza wiki nzima na waya kwenye tundu la juu, analalamika kadi haina nguvu. Alikuwa hajaitumia kabisa.

Basi inachezaje? GTA V kwa 1080p, mipangilio mingi kwenye kiwango cha juu, nyasi nimeshusha, inakaa kwenye fremu 60 kwa sekunde na kuendelea bila kuhangaika. Hiyo gemu iliingia kwenye kompyuta mwaka 2015 na ilipendekeza i5-3470 na GTX 660, kwa hiyo sisi tuko juu yake mbali. FC 24 naicheza kwenye kiwango cha kati, 60 imetulia uwanjani, inashuka kidogo kwenye zile sinema za wachezaji wakishangilia, ambazo hata hivyo mdogo wangu anaziruka. Valorant inapita fremu 100 kirahisi. Counter-Strike 2 inataka ushushe vitu vingi na kwenye moshi mwingi utaihisi. Gemu nzito za miaka hii miwili mitatu, zile za dunia kubwa na mvua inayong'aa barabarani, zitawaka kwa mipangilio ya chini na fremu 30 na kitu. Kama hizo ndizo unazozitaka, bajeti yako si hii.

Diski ya GB 256 inajaa upesi mno. FC 24 peke yake inataka GB 100, GTA V nayo ni zaidi ya hapo siku hizi. Nafasi ya hard disk ya pili imo ndani, hivyo nimeweka ya TB 1 ya mtumba kwa ajili ya gemu nisizozicheza mara kwa mara. Na kabla ya kulia na diski, lia na bando. GB 100 kwa data ya simu ni pesa ya kununua RAM nyingine. Mimi huwa nabeba diski ya nje mpaka kwa rafiki mwenye faiba, napakua usiku kucha, narudi nayo.

Umeme watu wanauogopa kuliko inavyostahili. Prosesa imepangiwa wati 65, kadi 75, weka na skrini na vidogo vidogo, tuseme wati 170 ukiwa katikati ya mechi. Saa tatu ni nusu uniti. Kwa uniti ya shilingi 350 na ushee, ni chini ya mia mbili kwa usiku mmoja, chini ya bei ya soda. Kinachouma ni kukatika. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, PSU ndiyo ya kwanza kulipa, na nimeshasema PSU ya mashine hii haipatikani kila duka. Kwa hiyo UPS (betri ya akiba ya umeme ukikatika) ya 650VA si anasa. Sikuiweka kwenye hesabu ya juu kwa sababu nilikuwa nayo ya duka la dawa, lakini kama huna, itafutie laki na ushee.

Yasiyonifurahisha ni machache na nayasema. Sura yake ni ya ofisi ya kodi, mdogo wangu anaiita "ya mhasibu". Feni ya mbele ikipanda inasikika mpaka sebuleni, hasa mchana. Vumbi linaingia kwa mbele na hakuna kichujio, kwa hiyo naipuliza kwa bloa kila baada ya muda, na nilimlipa fundi abadilishe pesti ya kupooza prosesa mara tu nilipoinunua. Joto lilishuka kwa kuonekana. Na njia ya kukua ni fupi: prosesa unaweza kupanda mpaka i7-8700 ukiipata, basi.

Kuna wanaoniuliza kwa nini sikujenga mashine mpya ya Ryzen 5 5600G, ambayo grafiki imo ndani ya prosesa na haihitaji kadi. Ni wazo zuri kwa mwenye subira. Unapata viini sita, vitu vipya, waranti, PSU ya kawaida, na kadi utaongeza ukipata pesa. Lakini grafiki yake ya ndani haifikii GTX 1650, na vitu vipya nilipovipigia hesabu vilipita milioni kabla sijanunua skrini. Kama mashine itakuwa ya shule na kazi kwanza, gemu baadaye, ningekwenda njia hiyo bila kusita. Laptop ya gemu ya mtumba kwa pesa hii sitaki hata kuizungumzia. Kwa joto la Dar ni kununua pasi.

Na kama una laki mbili tatu za ziada juu ya bajeti yangu, usizipeleke kwenye prosesa. Tafuta RTX 3050 ya GB 6, ile iliyotoka mwaka 2024. Inatumia wati 70, nyingi hazihitaji waya, na itaingia kwenye boksi hilihili. Muuzaji akikuletea ya GB 8 akisema ni ileile tena ina memori zaidi, geuza kadi uangalie mgongoni: hiyo inadai waya wa umeme ambao OptiPlex hii haina.